Mnana Aliyekataa Kubomoa

Paukwa!

Pakawa!

Aa-aa. Hiyo ni pakawa ya watu wenye njaa, mimi nataka ya watu wenye roho. Na wewe baba uliyekaa mlangoni na mikono kifuani, usijifanye hadithi ni za watoto. Leo nina hasira, na hasira zangu hazichagui umri. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa mmeitika. Zamani hizo, zamani za kale kweli kweli, wanyama walipokuwa wakisemeshana na kugombana kama sisi, palikuwa na mti wa mgunga ulioinamia mto. Mti huo ulijaa viota. Viota huku, viota kule, vyote vimening'inia juu ya maji. Huo ndio uliokuwa mji wa minana. Mnana mnamjua? Ndege mdogo, kelele nyingi, fundi wa kusuka majani. Asubuhi mpaka jioni mti unalia: chwi chwi chwi! Chwi chwi chwi!

Sasa sikilizeni desturi yao, maana balaa lote limetoka humo. Dume anasuka. Jike anakagua. Dume akimaliza nyumba yake ananing'inia mlangoni, anapiga mabawa, anaita, "Njooni muone! Njooni muone!" Jike anakuja. Anaingia, anatoka, anashika ukuta kwa mdomo, anavuta mara tatu. Vuu! Vuu! Vuu! Ukuta ukishika anasema, "Imekaa," na anahamia. Usiposhika anasema, "Bomoa." Na mwenye nyumba anaibomoa mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya mti mzima, na mti mzima unamwimbia:

Bomoa, bomoa!
Haijakaa, bomoa!

Majani yanaanguka mtoni, chubwi! Yanakwenda na maji.

Lakini jike kusuka? Mwiko! Jike akisuka, eti mdomo utampinda na mayai yake yatapasuka. Nani aliyemwona huyo wa mdomo uliopinda? Hakuna. Nani aliyeyaona hayo mayai? Hakuna. Lakini kila mama alimwambia binti yake, na binti akaja kumwambia wa kwake, na hakuna aliyewahi kuuliza. Ndivyo tulivyo. Jambo tukilikuta kwa mama zetu tunalibeba tu.

Basi, palikuwa na jike mmoja, jina lake Semeni. Semeni alikuwa na hasira. Anaamka na hasira, anakula na hasira, analala na hasira. Akitua tawini, wenzake wanasogea. Msimu ule alikagua nyumba kumi na tisa, na zote kumi na tisa zilikwenda na maji.

"Huyo ana maringo," mti ukasema.

"Huyo anataka ikulu."

"Wala! Huyo ana roho mbaya tu."

Walisema mbele yake, tena kwa sauti.   Semeni mwenyewe hakujijua.

Ila nyinyi nitawaambia. Semeni akishika jani tu, mdomo unamwasha. Anaona fundo lilipolegea. Anaona jani lililopitishwa juu lilipotakiwa kupita chini. Anaona ukumbi mdogo pale mlangoni ambapo hakuna aliyefikiria ukumbi. Kichwa chake kimejaa nyumba tele, nzuri ajabu, na hana ruhusa ya kusuka hata unyasi mmoja. Basi anavuta. Anavuta kwa nguvu zote, maana kuvuta ndiyo kazi pekee waliyompa.

Siku moja akaitwa na dume mmoja, Mshindo. Mshindo alikuwa mpole, hana makuu, mikono mizito kidogo lakini kazi yake safi. Alikuwa amesuka siku kumi na mbili. Alinywea kwa kazi, shingo imebaki kama kijiti.

"Karibu, dada Semeni. Kagua."

Semeni akaingia. Akatoka. Akavuta. Vuu! Vuu! Vuu!

Ukuta ukashika. Ulishika kweli! Mti mzima ukanyoosha shingo.

Semeni akautazama mlango. Akasema taratibu, "Hapa ungezungusha majani mara mbili, mvua isingeingia."

Mshindo akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alishangaa tu. "Lo, dada! Siku hizi nawe fundi? Wewe kagua. Kusuka tuachie wenyewe."

Mti ukaangua kicheko. Wakubwa, wadogo, mpaka vifaranga waliokuwa hawajaota manyoya wakacheka.

Damu ikamchemka Semeni. Akarudi kwenye ule ukuta. Akavuta mara ya nne. Mara ya nne haimo katika desturi, lakini alivuta. Ya tano. Ya sita. Ya saba. Na nyumba yoyote, hata iwe imara vipi, ukiivuta mara saba kwa chuki itang'oka. Chubwi!



 Mshindo aliyatazama maji yakichukua siku zake kumi na mbili, na macho yakamjaa machozi.

Mkuu wa wakaguzi alikuwa Bi Sauda, shangazi yake Semeni, jike mzito mwenye sauti. Akashuka tawi kwa tawi mpaka alipo.

"Semeni! Ile nyumba ilikuwa nzima!"

"Najua, shangazi."

"Unajua? Halafu?"

"Sijui."

"Hujui nini? Nimekulea tangu mama yako alipochukuliwa na mwewe, nimesemwa kwa ajili yako mpaka masikio yameota sugu. Basi! Mvua iko karibu. Kabla ya tone la kwanza uwe umechagua nyumba, umeingia, umetulia kama wenzako. Ukishindwa, mti huu usiujue tena. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema, nimesikia shangazi!"

"Nimesikia, shangazi."

Semeni akaruka. Puruu! Akafuata mto, hajui aendako, anataka tu pahali pa kugombana. Akatua ukingoni, chini ya gema. Pale gemani Nyigu alikuwa kazini. Nyigu yule wa udongo, mnamjua, kiuno chembamba, hana muda na mtu. Alikuwa anabeba tonge la tope, anabandika, analaza, anarudi kubeba jingine. Zzzz, anabandika. Zzzz, analaza. Kinyumba kinakua, mviringo kama chungu.

Sasa Semeni, kwa mazoea, akafanya nini? Akashika ukuta wa Nyigu, akavuta. Kipande kikameguka.

Zzzzzz! Chom! Nyigu akamchoma chini ya jicho.

"Wazimu umekuingia? Nimekuita mimi? Nimekuomba unikagulie?"

"Haijakaa," akasema Semeni, jicho linavimba.

"Ebo! Haijakaa! Tangu alfajiri nabeba tope, kifua kinaniuma, anakuja ndege na mdomo wake, haijakaa! Haya, nionyeshe ya kwako."

"Ya kwangu ipi?"

"Nyumba uliyojenga wewe. Nije niivute na mimi, nione kama imekaa."

"Sina."

"Kamba basi. Kifuniko. Chochote. Tangu umezaliwa umetengeneza nini?"

Semeni akafungua mdomo.  "Sisi majike hatu..."

"Sijauliza majike! Hata mimi ni jike. Nimekuuliza wewe." Nyigu akachukua tonge jingine. "Nipishe hapo, unaniziba mwanga."

Jamani, lile swali lilimuuma kuliko mwiba wa nyigu. Semeni alisogea pembeni akalia. Alilia kwa hasira, lakini safari hii hasira ilikuwa na pa kwenda. Umri wote ule amevuta majani ya wenzake. Amebomoa kumi na tisa, na ya Mshindo ishirini. Na hajatengeneza hata kishikio cha mlango.

Akafuta macho kwa bawa. Mbele yake palikuwa na matete, marefu, yanacheza na upepo. Akaruka, akashika unyasi mbichi, akaukata. Kwa! Alitazama huku na huku. Mdomo haukupinda. Akakata wa pili. Kwa!

Nyumba ya kwanza ilikuwa aibu tupu. Ilikaa kama mzigo wa kuni uliofungwa na mlevi. Upepo ukapita, ikaanguka. Semeni akaitukana, matusi ambayo siwezi kuyasema mbele ya watoto. Akaanza ya pili. Ya pili ikafika nusu, ikafumuka. Akaipiga teke. Alikuwa anajua kabisa palipokosewa katika kazi ya kila mtu, lakini kujua kosa la mwenzako na kukaza fundo lako ni mambo mawili tofauti. Hapo ndipo alipomkumbuka Mshindo na siku zake kumi na mbili, akaona haya.

Akaanza ya tatu. Sasa akawa haendi haraka. Anapitisha, anakaza, anarudi nyuma kutazama. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya nne akagundua kwamba hajala tangu asubuhi. Siku ya tano akasikia mtu anaimba, akageuka kumtafuta. Hakuna mtu. Ni yeye!

Jani jani, pita juu,
Jani jani, zama chini,
Nikukaze, unikaze.

Alisimama akajishangaa. Akatafuta hasira yake ya kila siku, hakuiona. Alikuwa ameisahau mahali fulani kati ya fundo na fundo. Alifurahi, jamani. Alifurahi peke yake kwenye matete, jicho moja limevimba, tumbo tupu, na hakuna aliyempigia makofi.

Na ile nyumba! Nyasi za kijani na nyasi nyekundu zimepishana. Mlango umezungushwa mara mbili. Mbele kuna kile kiukumbi cha kukaa na kutazama maji. Ndani ametandika sufi laini. Ilikuwa imepinda upande wa mto kidogo, sitawadanganya, haikunyooka. Lakini hakuna nyingine kama ile katika mto mzima.

Siku ya kumi na moja Mshindo akapita kutafuta nyasi. Akaona. Akaning'inia hewani, mabawa yanapiga pale pale.

"Hii kazi ya nani?" akauliza. "Fundi gani huyu? Nataka kumsalimia."

"Ni mimi," akasema Semeni.

"Nani?"

"Mimi. Semeni."

Mshindo akamtazama. Akaitazama nyumba. Akamtazama tena. "Jike!" akasema, akaruka kuelekea mgunga, akipiga kelele njia nzima.

Wakaja. Mti mzima ulikuja. Manyoya yao ya manjano yakajaa kwenye matete mpaka matete yakainama. Bi Sauda mbele.

"Shikamoo, shangazi."

Bi Sauda hakuitikia. Alikuwa anatazama mlango uliozungushwa mara mbili. Akaingia ndani. Akakaa humo. Akakaa sana. Akatoka, uzi wa sufi umemganda kichwani, akashika ukuta kwa mdomo.

Vuu! Ukashika.

Vuu! Ukashika.

Vuu! Tete lenyewe lilitikisika, mzizi ukalia, ukuta ukashika!



"Bomoa," akasema Bi Sauda.

"Kwa nini, shangazi? Imekaa."

"Nimesema bomoa."

"Umevuta mwenyewe! Wote wameona! Imekaa!"

"Imekaa," akasema Bi Sauda, "lakini umeisuka wewe."

Mnasikia upuuzi huo? Rudieni. Imekaa, lakini umeisuka wewe! Mimi nikifika hapa hasira hunipanda. Wangesema fundo limelegea, ningeelewa. Wangesema mlango mdogo, ningeelewa. Kazi hawakuiona na kosa, kosa likawa ni mikono!

"Bomoa, mwanangu," Bi Sauda akapunguza sauti. "Bomoa mbele ya watu, wimbo uimbwe, yaishe. Utarudi mtini. Nitakutafutia nyumba nzuri na dume mzuri. Usipobomoa, utabaki huku peke yako na jina lako halitatajwa kule juu. Chagua."

Semeni akautazama mgunga kwa mbali. Huko ndiko alikoanguliwa. Huko ndiko alikojua kila tawi. Aliupenda, msidhani hakuupenda. Halafu akaitazama ile nyumba yake iliyopinda.

"Sibomoi."

"Unasemaje?"

"Sibomoi, shangazi. Ng'o!"

Basi wakaanza wenyewe. Bi Sauda akashika, na wa pili akashika, na wa kumi akashika, na wimbo juu.

Bomoa, bomoa!
Haijakaa, bomoa!

"Mwongo!" akalia Semeni. "Imekaa! Imbeni basi imekaa!"

Hakuna aliyemsikia. Mshindo ndiye aliyevuta kuliko wote. "Na hili la nyumba yangu!" anasema, anang'oa. "Na hili la siku zangu kumi na mbili!"

Semeni akatua mbele yake, macho kwa macho. "Wewe Mshindo, nilikukosea. Nyumba yako ilikuwa nzima na nilijua ni nzima. Wewe vuta, una haki yako. Lakini hawa wengine nimewafanya nini?"

Mshindo akabaki na jani mdomoni. Mdomo ukafunguka, jani likaanguka. Akageuka, akaruka zake, hakutazama nyuma. Wengine waliendelea mpaka hapakubaki kitu ila tete tupu.

"Haya," akasema Bi Sauda, anahema. "Sasa una nini?"

 Semeni alishuka mpaka kwenye ukingo, akakata unyasi. Kwa! Akapanda nao. Akauzungusha kwenye lile lile tete, mbele ya macho yao, akakaza fundo. Akashuka tena. Kwa!

Walirudi baada ya siku sita, wakabomoa. Akaanza. Walirudi tena, lakini sasa walikuja nusu tu, maana wengine walikuwa na mayai ya kulalia. Wakabomoa. Akaanza. Na kila akianza mkono unakuwa mwepesi zaidi, mlango unakuwa mzuri zaidi. Wapumbavu wale! Kumbe walikuwa wanamfundisha kazi!

Mvua ikafika. Tone la kwanza, la pili, halafu ndoo nzima. Shwaaa! Siku hiyo Bi Sauda alikuja peke yake, manyoya yamemshika mwilini. Akamkuta Semeni ananing'inia kwenye nyumba isiyo na paa, maji yanamtiririka mgongoni, anakaza fundo.

"Huchoki wewe?" Bi Sauda akafoka.

"Nilichoka kule, shangazi. Kukaa tawini kuvuta kazi za wenzangu, kule ndiko nilikochoka. Huku bado."

"Unalowa!"

"Nalowa kweli."

"Huna mume, huna yai, huna paa! Una furaha ya nini?"

"Nasuka," akasema Semeni.

Bi Sauda akashika ukuta kwa mdomo. Akavuta kwa nguvu zake zote, hakuhesabu, alivuta huku analia, mvua na machozi haviachani. Nusu ya nyumba ikatoka. Akaitupa. 

Semeni akashuka, akaokota zile nyasi zilizolowa, akazikung'uta, akapanda nazo. Akaanza kuimba. Jani jani, pita juu.

Bi Sauda akaruka zake. Hakurudi tena, na mwingine hakurudi.

Mnangoja niwaambie walipatana? Hawakupatana. Mnataka kuniuliza kama Semeni alipata mume? Ala! Hilo ndilo swali lenu siku zote! Nitawaambia alichopata. Alimaliza paa. Alikaa kwenye kiukumbi chake akaangalia mto umefurika. Kesho yake akaanza kusuka nyumba ya pili pembeni ya ile ya kwanza. Ya kazi gani, na moja inamtosha? Ya kusuka! Alisuka kwa sababu alikuwa hai na alikuwa na mdomo, na asubuhi zake zikawa tamu.

Na kule mgungani Bi Sauda alikaa kwenye nyumba kavu iliyosukwa na mwingine. Ana mume, ana mayai manne, ana heshima. Masika nzima upepo ukimletea wimbo kutoka kwenye matete, anageuka upande wa pili. Anageuka huku, anageuka kule, hasira imemjaa, na hajui ya nini. Alikuwa amevuta nyumba za watu miaka kumi na minne.

Mimi najua hasira yake ilikuwa ya nini. Na nyinyi mnajua, msiangalie chini.

Funzo langu ni hili, nalisema wazi. Kila kiumbe kina kitu ambacho roho yake inataka kukitengeneza. Akiachwa akitengeneze, atakuwa na furaha hata akilowa. Akizuiwa, hatulii, atageuka kuwa mbomoaji wa kazi za wenzake, na atabomoa mpaka siku ya kufa kwake bila kujua anachokililia.

Hadithi yangu inatua hapo. Ondokeni mbele yangu, mkatengeneze kitu.